Kabla Hatujavuta Pampu

Mhadhara kwa mafundi wa umeme, wahudumu wa visima na kamati za maji za Kitui na Makueni



Nilipoombwa nizungumzie hitilafu za draivu, yaani vile visanduku vya kubadilisha kasi ya mota, nilijua kwamba muda niliopewa hautatosha. Kwa hiyo nimechukua hitilafu moja tu, ile ambayo draivu husimamisha kazi na kuandika kwenye kioo chake kwamba mota imekwama. Nimeichagua kwa sababu nimeona ikivutisha pampu nyingi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Nianze na kisima kimoja cha kusini mwa Kitui. Nilifika saa nne asubuhi nikakuta pampu imeshatolewa. Mabomba ishirini na matano ya mita sita sita yalikuwa yamelazwa kwenye nyasi kavu, kebo imeviringishwa kando, na wanaume waliokuwa wakivuta tangu alfajiri wamekaa chini ya mti wa mukau, viganja vimewachubuka. Punda walikuwa wamesimama langoni na mitungi mitupu. Fundi wa hapo, kijana mwenye bidii, akanipokea na kuniambia, "Mwalimu, mota imeungua. Draivu yenyewe imesema."

Nikamuuliza, "Imesema imeungua?"

"Imesema imekwama."

Tukafungua mota kutoka kwenye pampu. Nikashika shafti ya mota kwa vidole ikazunguka taratibu, laini, na ule uzito kidogo wa mota iliyojaa maji ndani. Tukapima koili kwa mega, kile kipimo cha uimara wa kihami, zikawa nzima. Tukashika shafti ya pampu: haikutikisika, hata kwa koleo. Tukaisukumia maji kwa mpira, na baada ya dakika chache ukatoka mchanga mwembamba wa rangi ya kahawia, laini kama unga wa wimbi. Shafti ikazunguka. Jioni ile pampu ilirudi chini, maji yakapanda hadi kwenye tangi, na mimi nikaondoka nikiamini kwamba nimemaliza kazi.

Siku ya kumi na moja nikapigiwa simu. Imekwama tena.

Tutarudi kwenye kisima hicho, maana jibu lake halikuwa mchanga peke yake. Lakini kwanza tuelewane draivu inajua nini na haijui nini.

Mota nyingi tunazotumia hazina waya wowote unaoingia kwenye rota, ile sehemu inayozunguka. Umeme unapita kwenye koili za stata, sehemu isiyozunguka, na kutengeneza sumaku inayozunguka, na sumaku hiyo ndiyo inayoiburuta rota. Kwa mota ya poli mbili kwenye umeme wa hezi 50, sumaku inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Rota haiifikii, hubaki nyuma kidogo, labda kwenye 2,850. Kubaki nyuma huko ndiko kunakozaa nguvu ya kuzungusha. Mzigo ukiongezeka, rota hubaki nyuma zaidi na kuvuta ampia zaidi. Ukizidi mpaka, sumaku inaipita rota bila kuweza kuiburuta. Mota inanguruma, inatetemeka, haizunguki. Hapo ndipo imekwama.

Zamani, mota ikiwa imeungwa moja kwa moja kwenye laini, kukwama kulijulikana kwa haraka. Mota iliyokwama huvuta ampia mara tano hadi saba ya zile zilizoandikwa kwenye kibati chake, na kikata umeme kikiwa cha saizi sahihi kilikuwa kikiruka mara moja. Draivu imebadilisha jambo hilo, na naomba mafundi mnisikilize hapa kwa makini. Draivu inaubana mkondo. Kwa kawaida haitaruhusu zaidi ya asilimia 150 hivi, na kwa muda mfupi. Hakuna kinachoruka wala kupasuka. Mota inakaa chini ya ardhi, imesimama, inapokea ampia nyingi kuliko zake za kawaida, na haina maji yanayoipita ubavuni kuipoza, kwa kuwa pampu haisukumi kitu. Inapikwa. Ulinzi wake ni zile sekunde chache ambazo draivu huhesabu kabla ya kukata.

Inahesabuje? Inasikiliza mashahidi watatu. Wa kwanza ni mkondo: je, umefika kwenye kikomo? Wa pili ni kasi: je, bado iko chini ya kiwango fulani, tuseme hezi 15? Wa tatu ni muda: je, hali hiyo imedumu, tuseme, sekunde 20? Wote watatu wakikubaliana, draivu inakata umeme na kuandika kwamba mota imekwama. Basi. Draivu haijui kama kuna mchanga. Haijui kama beringi imekufa, kama kebo ni nyembamba, au kama aliyeifunga aliandika tarakimu isiyo sahihi. Inachojua ni kwamba ilisukuma kwa nguvu zote ilizoruhusiwa, na mota haikupanda kasi.

Ndiyo maana kijana yule aliposema draivu imesema mota imeungua, alikuwa ameongeza neno ambalo halikusemwa. Na neno hilo moja liliwagharimu wanaume wale siku nzima.

Sasa turudi kisimani. Mara ya pili nilipiga simu mapema nikaomba kitu kimoja: msivute. Nilipofika, mhudumu, mwaitu mmoja, yaani mama, mwenye miaka kama hamsini ambaye ndiye huwasha pampu kila asubuhi, akanieleza jambo ambalo siku ya kwanza hakuna aliyemuuliza. Alisema pampu haikwami mchana. Inakwama asubuhi, baada ya kulala. Na wakati mwingine, akiijaribu mara ya nne au ya tano, huamka na kufanya kazi siku nzima bila shida.

Hiyo peke yake ilikuwa nusu ya jibu. Pampu ikisimama, maji yaliyo kwenye bomba hutulia, na mchanga uliokuwa ukipanda nayo hushuka polepole na kukaa juu ya impela, zile panga za pampu zinazosukuma maji. Usiku kucha unashikana. Asubuhi mota inahitaji nguvu ya kuubandua, nguvu ambayo mchana haihitajiki.

Lakini mota yenye afya ingeubandua mchanga ule. Kwa nini hii haikuweza? Tukaiwasha. Mara ya tatu ikaamka. Nikasoma kioo inapozunguka kwa kasi yake kamili: hezi 50, volti 333.

Ninyi mliosomea umeme mmeshaona. Mota ya volti 400 na hezi 50 inataka volti 8 kwa kila hezi moja. Uwiano huo ndio unaoipa sumaku nguvu yake. Kwenye hezi 25 ipewe volti 200, kwenye hezi 50 ipewe 400. Hii ilikuwa inapewa 333, sawa na volti 6.67 kwa kila hezi. Ukigawa 400 kwa 60 unapata hiyohiyo 6.67. Draivu ya kwanza ilikuwa imekufa kwa radi, na iliyoletwa badala yake ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa nchi zenye umeme wa hezi 60. Aliyeifunga alikumbuka kuweka kasi ya juu kuwa hezi 50, lakini hakugusa mahali panapouliza masafa ya mota yenyewe. Sumaku ikabaki na asilimia 83 ya nguvu yake, na kwa kuwa uwezo wa mota wa kuzungusha hufuata mraba wa nguvu hiyo ya sumaku, ukabaki kama asilimia 69. Karibu theluthi moja ya nguvu ya mota ilikuwa imepotelea kwenye tarakimu moja.

Mchana kasoro hiyo haikuonekana, maana maji ni mzigo mpole wakati wa kuanza. Asubuhi, mchanga ukiwa umeshika, ilionekana.

Asubuhi ile ya kwanza nisingeweza kuisoma volti ile hata kama ningekuwa na akili za watu kumi. Volti 333 huonekana mota inapozunguka kisimani, na mota ilikuwa imelala kwenye nyasi. Tulipovuta pampu tulivuta na ushahidi. Hili ndilo hasa lililonileta mbele yenu leo.

Kuna kosa jingine nililolikuta kwenye draivu ile, na ndilo lililoniumiza zaidi. Muda wa kuhesabu kukwama, uliotoka kiwandani ukiwa sekunde 20, ulikuwa umepandishwa hadi 60. Kisha, siku nyingine, ulinzi wote ulikuwa umezimwa. Naelewa ilivyotokea. Watu wamesimama langoni, punda wana kiu, mwenyekiti anapiga simu, na kwenye draivu kuna kitufe cha riseti. Fundi anabonyeza. Inakata. Anabonyeza tena. Mwisho anatafuta mahali pa kuifanya inyamaze, na akipaona anajiona ameokoa jahazi. Lakini ameizima sauti pekee iliyokuwa ikimwambia mota iko hatarini. Mkinishika leo kwa jambo moja tu, naomba liwe hili: msiupandishe muda wa ulinzi wa kukwama, wala msiuzime, kabla hamjajua sababu. Riseti moja, kwa kutazama na kuandika, inatosha. Ya pili iwe baada ya kubadilisha kitu.

Kwa nini hili linatuhusu sisi hasa? Kwa sababu ya jinsi maji yetu yalivyokaa. Mito mingi ya Ukambani ni ya msimu; Tiva, Thua, Kaiti na Thwake huwa njia za mchanga sehemu kubwa ya mwaka. Athi unapita mpakani kati ya kaunti zetu mbili, na pale unapokutana na Thwake ndipo ujenzi wa bwawa kubwa ulipoanza mwaka 2018, ukuta wa mita zaidi ya 80. Wazee wetu walijua kufukua mchanga na kujenga kuta za kuuzuia ili utunze maji. Lakini vijiji vingi vimeishia kutegemea visima virefu, na kisima kirefu ni mota, na mota siku hizi ni draivu, mara nyingi yenye paneli za jua. Tangu Katiba ya 2010 ilipoyakabidhi maji kwa kaunti, mitambo hii imesogezwa karibu na wananchi. Elimu yake ndiyo iliyobaki njiani.

Kisima kirefu kina desturi zake. Chukua pampu ya kilowati 7.5 inayovuta kama ampia 17, na kebo ya shaba ya milimita 4 za mraba yenye urefu wa mita 150. Kwa ampia hizo kebo inakula kama volti 20. Ukiwa kwenye volti 400 hilo ni asilimia tano, na mota haitajali. Lakini draivu haianzii kwenye 400. Ikiwa kwenye hezi 5 inatoa volti 40 tu, na kebo ileile inakula volti 20 zilezile. Nusu ya chakula imeishia njiani. Mota inayoanza kwa mkondo mzito hapo itakwama ijapokuwa ni mpya na haina mchanga. Ndiyo maana draivu nyingi zina mpangilio wa kuongeza volti kidogo kwenye kasi ya chini. Ukiongeza kidogo, umefidia kebo. Ukiongeza sana, unaijaza mota sumaku kupita kiasi, mkondo unafika kikomo, na mota inakwama kwa sababu ya dawa uliyoipa. Ongeza asilimia moja moja, huku ukitazama ampia.

Na kuna huruma inayoua. Nimekuta mafundi wameipa pampu ya kisima sekunde 30 kupanda kasi, wakidhani wanaitunza. Mota ya kuzama hubeba uzito wa pampu juu ya beringi inayoelea kwenye utando wa maji, na utando huo haupatikani mpaka shafti izunguke kwa kasi ya kutosha. Watengenezaji wa mota hizi kwa kawaida hutaka ifike hezi 30 ndani ya sekunde moja hivi, na isiendeshwe chini ya hapo. Ukiipandisha polepole unaisaga beringi kila asubuhi, na siku beringi itakaposhika, kioo kitaandika tena kwamba imekwama, safari hii kwa haki.

Kwenye mitambo ya jua swali la kwanza ni saa. Ikikwama saa moja na nusu asubuhi na kuamka saa tatu, usiende kisimani, tazama juu. Paneli zinapopata mwanga hafifu zinaonyesha volti nzuri mradi hakuna anayezitumia. Mota ikianza tu, volti za ndani ya draivu zinaporomoka, nguvu inapungua, rota inabaki nyuma. Draivu nyingi zitaandika kwamba volti zimeshuka, lakini nyingine zitaandika kukwama, inategemea ni shahidi yupi aliyewahi. Vumbi jekundu la barabara zetu likikaa kwenye paneli kabla ya mvua za Oktoba, linaleta hali hiyohiyo. Maji ya ndoo na kitambaa laini vimewahi kuwa tiba ya "mota iliyoungua". Mwanzo wa kazi unaweza kucheleweshwa mpaka jua lipande. Ni mpangilio mmoja tu.

Jambo jingine la visima linalochanganywa na kukwama ni pampu inayozunguka bila kutoa maji. Nguvu ya pampu ya kupandisha maji hushuka kwa mraba wa kasi. Pampu yenye uwezo wa kusukuma hadi mita 180 kwenye hezi 50, ikiwa maji yanapaswa kupanda mita 125, haitatoa hata tone chini ya hezi 42 hivi. Inazunguka, inapasha moto maji yaleyale, na mtu wa kioskini anasema imekwama. Haijakwama. Ampia zitakuwa chini, ilhali kwenye kukwama zipo juu kabisa. Hapo klampu mita, ya kupima ampia, inamaliza ubishi.

Sitakaa sana kwenye mota za juu ya ardhi, kwa kuwa hizo unaweza kuziona na kuzishika. Ila kuna moja imenitesa: namna ya kuunga waya kwenye sanduku la mota. Kibati kikisema 230/400, mota hiyo huku kwetu huungwa nyota. Kikisema 400/690, huungwa pembetatu. Ukiiunga ya pili kama ya kwanza, umeipunguzia nguvu ya kuzungusha hadi theluthi moja. Itazunguka vizuri bila mzigo, kila mtu atapiga makofi, na siku ya kazi itakwama. Soma kibati. Kama kimefutika kwa kutu, kisugue kwa mafuta na kitambaa kabla hujabahatisha.

Halafu kuna tabia ya mzigo wenyewe. Maji, nimesema, ni mpole mwanzoni. Mashine ya kukoboa mahindi ya muthokoi, kisagio cha kokoto, parafujo ya kusukuma rojo la maembe, hizo zinataka nguvu kamili tangu mzunguko wa kwanza, na zikizimika zikiwa zimejaa zinataka zaidi. Kwenye kiwanda cha matunda kama kile cha Kaunti ya Makueni kule Kalamba, kilichoanza kusindika maembe mwaka 2017, mtu anayenunua draivu lazima aulize kama ni ya mzigo mwepesi au mzito, maana draivu hiyohiyo huandikwa kilowati mbili tofauti kwa kazi hizo mbili. Na mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kutoka mita 1,000 kwenda juu hewa ni nyembamba zaidi, na draivu nyingi hupunguziwa uwezo kama asilimia moja kwa kila mita 100. Ongeza kibanda cha mabati saa nane mchana, joto limepita nyuzi 40, inapunguzwa tena. Kwa hiyo ukinunua ya kutosha kabisa, umenunua isiyotosha.

Waendeshaji wa vinu vya posho walilijua hili zamani bila draivu. Mzee aliyekaa na injini ya Lister miaka mingi alikuwa akisikia mlio unavyozama, na kabla injini haijalemewa mkono wake ulikuwa umeshafunga kidogo mlango wa mahindi. Mkanda nao ulikuwa ukiteleza na kupiga kelele, ukiwaonya wote. Sikio lile bado lina kazi. Mota inayokwama kwa mzigo hunguruma kwa uzito na kutetemeka; inayokosa waya mmoja kati ya mitatu hulia kwa kukatakata, inatikisika mbele na nyuma kama mtu asiyejua aende wapi. Wekeni mkono kwenye bomba la juu ya kisima inapojaribu kuanza. Mtahisi.

Basi, draivu ya kisima ikiandika imekwama, mimi hufanya hivi. Kabla ya riseti nasoma ilichohifadhi: wakati wa kukata kulikuwa na hezi ngapi, ampia ngapi, volti ngapi. Naandika. Namuuliza mhudumu ni saa ngapi hukwama na ni nini kilibadilishwa hivi karibuni, kwa maana hitilafu nyingi nilizokuta zilizaliwa siku ya ukarabati. Nalinganisha mipangilio na kibati. Kisha nazima na kusubiri. Hapa nisimame kidogo, kwa ajili ya vijana. Ndani ya draivu ya volti 415 kuna akiba ya umeme inayokaribia volti 590, na haiondoki unapozima swichi. Subirini dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida si chini ya 5, halafu mpime kuhakikisha. Na paneli za jua hazina swichi ya kuzima jua. Waya zake zina uhai mchana kutwa. Nimewahi kumshika mkono kijana aliyekuwa anafungua skrubu sekunde chache baada ya kuzima. Mkono wake ulikuwa wa joto, na nilishukuru.

Umeme ukishaisha, natoa waya za mota kwenye draivu kabisa. Mega haipitishwi kwenye draivu hata siku moja. Inaua vifaa vya ndani kwa sekunde. Napima ukinzani kati ya waya tatu, wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa tatu na wa kwanza. Zikilingana, koili na viungo vya kebo ni vizima. Zisipolingana, mara nyingi ni kiungo cha kebo kilichofungwa kwa utepe bila uangalifu. Napima kati ya waya na ardhi. Yote haya hufanywa kibandani, kivulini, kwa chini ya saa moja. Yakiwa sawa yote, mipangilio ni sahihi, volti zipo, na bado haizunguki, sasa naweza kuwaita wanaume na kamba.

Nije kwenye lile ambalo ni la kamati zaidi kuliko la fundi. Mara nyingi nikifika kisimani na kuomba karatasi ya mipangilio, naambiwa ipo Nairobi kwa aliyefunga. Draivu imefungwa kwa namba ya siri, na namba hiyo nayo ipo Nairobi. Kijiji kimechanga, au kaunti imelipa kwa kodi, lakini tarakimu thelathini zinazoamua kama maji yatapanda hazimo mikononi mwao. Hii naiona ni dhuluma, hata kama aliyeifanya hakuikusudia. Anayefunga mtambo akabidhi karatasi moja: tarakimu za kibati, mipangilio yote iliyobadilishwa, urefu na unene wa kebo, kina cha pampu, kina cha maji, na namba ya siri ndani ya bahasha. Nakala ikae kibandani, nyingine kwa katibu, ya tatu kwenye ofisi ya wadi. Iandikwe kwenye zabuni kwamba bila karatasi hiyo malipo ya mwisho hayatoki. Kamati haihitaji kuomba ruhusa ya mtu kuandika sharti hilo.

Na tuna mfano wa nyumbani unaoonyesha taarifa ina uzito gani. Huko Kyuso, kaskazini mwa Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini ya pampu za mkono vifaa vidogo vya kutuma ujumbe kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikuwa ikikaa kwa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Muda huo ukashuka hadi chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa huduma ya mafundi inayoitwa FundiFix, inayofanya kazi huko hadi kwenye mitambo ya mabomba. Chuma cha pampu zile hakikubadilika. Fundi alijua mapema, akajua ni ipi. Draivu zetu zinaandika habari nyingi kuliko mpini ule, na bado tunazifuta kwa kidole kimoja.

Pale kwenye kisima cha kusini, tuliweka masafa ya mota kuwa 50, tukaandika ampia na kasi kama zilivyo kwenye kibati, tukaiacha draivu iipime mota yenyewe, tukarudisha ulinzi kwenye sekunde 20. Kwa ajili ya mchanga tulishusha kasi ya juu hadi hezi 46, ili maji yasivutwe kwa pupa. Tangi linachukua muda mrefu zaidi kujaa, na kamati ilikubali. Mwaitu nikampa daftari la shule la kurasa 96, nikamwomba aandike kila asubuhi mambo manne.

Amenitumia picha ya ukurasa wa wiki hii. Mwandiko wake ni wa herufi kubwa, ulionyooka. Jumatatu: saa 1:10, imeanza mara ya kwanza, hezi 46, volti 368, ampia 14.6. Jumanne, vilevile. Jumatano, ampia 14.9. Alhamisi, 15.2, mchanga kidogo kwenye ndoo. Na chini yake ameandika swali: volti na hezi hazijabadilika, kwa nini ampia zinapanda?

Kesho kutwa naenda huko. Pampu bado iko chini, inafanya kazi.